Boriti za Mji wa Kale na Miti Inayotoweka

Leo nataka tuzungumze habari ya miti ya mwitu, ile inayoota yenyewe ndani ya misitu ambayo sheria imeiwekea mpaka na kusema hapa pamehifadhiwa. Hoja yangu naitaja mapema ili tusipotezane njiani. Msitu uliohifadhiwa unaweza kubaki palepale, wa kijani vilevile, huku aina za miti yake zikiisha moja baada ya moja kwa sababu ya matumizi yetu sisi majirani zake. Na sisi watu wa Mji wa Kale wa Mombasa tu majirani wa karibu kuliko tunavyodhani.

Mwenye nyumba ya zamani na atazame dari yake. Ataona boriti zimelala sambamba, ncha zake zimezama ukutani, na juu yake yamepangwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Boriti hizo ni mikoko. Mafundi waliojenga mji huu walipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu lakini vyembamba. Hata chokaa yenyewe ilitaka kuni nyingi za kuchomea mawe, na mikoko ilikuwa karibu.

Kisiwa hiki hakijawahi kujitosheleza. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 alikuta watu hawalimi nafaka, wanaletewa kutoka bara, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Tangu enzi hizo tunakula na kujenga kwa vitu vya ng'ambo. Wazee wetu bado wanakumbuka Bandari ya Kale ikiwa imejaa majahazi. Yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, mazulia na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na shehena ya boriti kwenda Uarabuni na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Boriti nyingi zilitoka Lamu, ambako mpaka leo ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku mwaka 1982, lakini soko la ndani likabaki, na mji ukaendelea kukua.

Sasa tuingie msituni wenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye jambo. Mkataji wa mikoko haingii matopeni kukata kila anachokiona. Biashara imepanga miti kwa unene: kuna fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, na mwisho nguzo. Wanunuzi wanataka zaidi mazio na boriti, na wanataka zilizonyooka. Kwa hiyo mkataji hupita penye mti uliopinda akauacha, akafika kwenye mti uliosimama wima, wenye umri wa kuzaa mbegu nyingi kwa miaka mingi ijayo, akaukata huo. Mwaka ujao anarudi kutafuta mwingine wa namna ileile. Baada ya miaka ishirini au thelathini ya kuchagua hivyo, msitu unabaki na miti iliyopinda na miche isiyofikia unene. Ukipita kwa mashua utasema msitu upo. Fundi akiingia kutafuta boriti kumi nzuri, atatoka na mbili.

Na si unene peke yake. Pwani ya Kenya ina aina tisa za miti hii ya maji ya chumvi, ambayo kwa mazoea tunaiita yote mikoko: mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Kila mmoja una mahali pake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na bahari. Nyuma yake unafuata mkoko, kisha muia na mkandaa, na huko juu, maji yanakofika kwa nadra, ndiko kwa kikandaa na mchu. Msikundazi unapenda maji baridi ya mito, kwa hiyo ni wa sehemu chache. Kila mmoja pia una kazi yake kwa binadamu. Mkoko, muia na mkandaa ndiyo miti ya ujenzi. Mlilana ulitoa mataruma ya vyombo. Mkomafi ulitoa mbao za samani na za mashua. Mchu haudumu sana katika ujenzi, na mara nyingi huishia kuwa kuni.

Lipo jambo moja la maumbile ambalo natamani kila mnunuzi wa boriti alijue. Mchu ukikatwa, kisiki chake huchipua, na baada ya muda mfupi una matawi mapya. Mkoko uliokwisha kukomaa hauchipui. Ukiukata shina, umeuua. Mkoko hutegemea mbegu peke yake, mbegu ile ndefu inayoota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake, kisha ikaanguka na kujichoma topeni kama mshale. Mama akishakatwa, mshale hakuna. Kwa hiyo panapokatwa sana, mchu hubaki na kutanuka, na mkoko hupungua. Mahali palipokuwa na aina tano za miti panabaki na aina moja au mbili. Picha ya kutoka angani itaonyesha rangi ya kijani ileile.

Je, misitu hii haina mwenyewe? Inaye, na kwa muda mrefu. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali kwa tangazo la mwaka 1932, wakati wa ukoloni, na tangazo hilo likathibitishwa tena mwaka 1964 baada ya uhuru. Leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, na kisheria huruhusiwi kukata hata fito bila leseni. Hebu sasa tutazame yaliyotokea ndani ya hifadhi hiyo, hapahapa mlangoni petu.

Maji yanayopita mbele ya Bandari ya Kale ni mdomo wa hori la Tudor. Mashua ikitoka hapo ikapita chini ya daraja la Nyali ikaendelea ndani, itafika kwenye mikoko inayopakana na Mishomoroni, Junda, Mikindani na Jomvu. Watafiti waliolinganisha picha za angani walikuta kwamba kati ya mwaka 1992 na 2009 mikoko ya Tudor ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Narudia: zaidi ya asilimia 80 katika miaka 17, katika msitu ambao umekuwa hifadhi ya serikali tangu 1932. Upande wa Mwache, nyuma ya bandari ya Kilindini, karibu nusu ilikwenda katika kipindi hichohicho.

Sababu ni nyingi na zote zinatuhusu. Watu walikata kwa ajili ya ujenzi wa mitaa iliyokua haraka pembezoni mwa hori. Walikata kuni, zikiwemo za kupikia pombe ya chang'aa, kwa sababu ndani ya mikoko ndiko askari hafiki kwa urahisi. Maji machafu ya makazi yameelekezwa kwenye hori bila kusafishwa. Na mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko ya bara huachia udongo kila masika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi mno, likafunika mizizi ambayo miti hii hupumulia. Mti uliofunikwa hivyo hufa umesimama, bila kuguswa na shoka. Ongeza mafuta yaliyomwagika Makupa mwaka 1988 na kuua mikoko ya pale. Ongeza tuta la barabara lililojengwa Makupa mwaka 1929 na kuziba mkono wa bahari kwa miaka zaidi ya tisini, hadi lilipoondolewa na daraja kufunguliwa mwaka 2022. Hilo la daraja ni jema na tuliseme kwa sauti: maji yanapita tena.

Sitaki mtu anisikie nikimlaumu kijana wa Mikindani anayekata mzigo wa kuni ili mamake apike. Nataka tuelewe kwamba tangazo la serikali peke yake halijawahi kuotesha mti, wala halijawahi kumzuia mtu ambaye hana nishati nyingine wala kazi nyingine.

Tuendelee na safari. Udongo ule unaoua mikoko unashuka na mito, na mmoja wa mito hiyo ni Kombeni, unaotoka upande wa Rabai. Huko juu ndiko ziliko kaya. Wasikilizaji wa Kimijikenda hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme: kaya ni msitu uliozunguka mji wa kale wa Wamijikenda. Watu waliishi katikati, kwenye uwanda, na msitu ukawa ngome yao. Baadaye watu wakahamia mashambani, makaburi na fingo, yaani vitu vya kinga ya kaya, vikabaki, na wazee wa kambi wakaendelea kuilinda miti kwa miiko. Hukati mti, huchungi mifugo, hutoki nje ya njia, huingii bila ruhusa.

Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walizunguka misitu hii wakiandika kila mti na kila mmea walioukuta. Walichokiona kilikuwa cha kushangaza. Misitu midogo, mingine ya hekta kumi au thelathini tu, ilikuwa na mimea ambayo haipo mahali pengine popote duniani, au ipo sehemu mbili tatu peke yake. Kazi hiyo ndiyo iliyosaidia kaya za kwanza kutangazwa kuwa turathi za taifa mwaka 1992, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Mwaka 2008 kaya kadhaa, zikiwemo za Rabai, Ribe, Jibana, Kambe, Kauma, Giriama, Duruma na Kinondo, zikaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka uliofuata UNESCO ikaziweka mila za kaya kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka. Hebu fikiri: miti imesifiwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili tukaambiwa kwamba kile kilichoilinda miti kiko mashakani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa njia ya kuokoa mimea ni kuwatoa watu. Kaya zimebaki na utajiri wake kwa sababu zina watu wanaozijali. Wao ndio walioishi humo, wakazikana humo, wakawekeana adhabu kwa anayevunja matawi. Kitendo cha mtu kinaweza kuua aina ya mti na kinaweza kuilinda. Tofauti inategemea kama mtu huyo ana sababu ya kungoja.

Na sababu hiyo imepungua. Ardhi ya Diani na Tiwi imepanda bei, na vipande vya kaya za ufuoni vimegeuka viwanja. Kule Kauma kuna chuma ardhini, na wachimbaji wamefika jirani na msitu. Mwembe, mnazi na mkorosho imefika hadi ukingoni mwa kaya nyingi, kwa hiyo msitu umebaki kisiwa, umezungukwa na mashamba. Msitu mdogo namna hiyo unapungua hata usipokatwa. Ndege na kima waliokuwa wakibeba mbegu kutoka msitu mmoja hadi mwingine hawavuki tena mashamba na barabara kwa wingi. Mti mkubwa unazeeka bila mrithi. Pembezoni jua na upepo vinaingia, na mimea ya kivulini inakauka.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa mti uitwao kitaalamu Karomia gigas. Hapa Kenya ulijulikana mti mmoja tu, uliopatikana Mwarakaya, Kilifi, mwaka 1977. Miaka michache baadaye mti huo ukakatwa. Aliyeukata huenda hakuwa na habari kwamba alikuwa ameshika panga mbele ya mti wa pekee katika nchi nzima. Wataalamu walidhani umekwisha kabisa duniani, mpaka ulipopatikana tena Tanzania, eneo la Kilwa, mwaka 1993, na baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena, miti michache tu. Mbegu zake zimesafirishwa hadi Missouri, Marekani, zikaoteshwa huko kwa taabu kubwa. Mti uliokuwa ukiota safari ya saa mbili kutoka hapa sasa unalelewa kwenye nyumba ya vioo ng'ambo ya bahari.

Nisiwapeleke mbali, lakini Shimba Hills inahitaji kutajwa, kwa sababu maji ya Marere yanatoka huko na kisiwa hiki kimeyanywa tangu ukoloni. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, yenye miti adimu mingi ajabu. Mashamba yalipoizunguka, ndovu wakazuiwa kwa uzio wasiingie kwa wakulima. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake, mtu hawezi kulala njaa kwa sababu ya ndovu. Lakini ndovu wale walikuwa wakihamahama, na sasa wakabaki mahali pamoja wakivunja miti ileile. Mwaka 2005 ndovu wapatao 150 walihamishwa hadi Tsavo Mashariki ili msitu upumue. Hapo si shoka lililoubadilisha msitu wa ndani, ni matumizi ya ardhi ya nje ya uzio.

Ipo habari njema pia, na imetoka Changamwe. Wachongaji wa chama cha ushirika cha Akamba, wanaouza vinyago kwa watalii, kwa miaka mingi walitegemea muhugu na mpingo. Muhugu ulikuwa ukikatwa kwa wingi Arabuko-Sokoke, msitu uliohifadhiwa, na ukawa adimu. Wakashauriwa wajaribu muarubaini. Huo si mti wa asili wa pwani hii, uliletwa kutoka Bara Hindi, na kwa kuwa ndege hupenda matunda yake umesambaa kila uwanja hadi kuingia vichakani na kubana mimea ya kienyeji. Wachongaji wengi wakaukubali. Wanapochonga kinyago cha muarubaini wanapunguza mti uliovamia na kuuacha mti wa asili usimame. Nawapongeza kwa dhati. Hawakuacha kazi yao, walibadilisha mti.

Na sisi wa Mji wa Kale? Tangu mwaka 1990 mji huu ni eneo la hifadhi. Ukitaka kukarabati nyumba, unatakiwa uulinde umbo lake la kale, na wengi wetu tunataka hivyo, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini dari ya kale inataka boriti. Kwa hiyo tuna hifadhi mbili, ya majumba na ya mikoko, na ya kwanza inamega ya pili. Sioni kwamba dawa ni kuweka zege kila mahali. Boriti kavu isiyoguswa na maji hukaa vizazi. Nyingi zinazooza, zinaoza kwa sababu paa linavuja na mwenye nyumba hakuliziba mapema. Kuziba paa ni kuokoa mikoko. Boriti nzima zinazotoka kwenye nyumba iliyobomoka zitumike tena, zisiishie kuwa kuni za biriani. Na boriti mpya zikihitajika, muulize muuzaji leseni yake na mahali zilipokatwa. Usimuonee haya. Msitu una kiwango unachoweza kutoa kila mwaka bila kudhoofika, na leseni ndiyo iliyowekwa kukilinda kiwango hicho.

Neno la mwisho nawaambia wenye siku za kupanda mikoko: shule, mabenki, vikundi vya vijana. Ari yenu ni kubwa na matope hamyaogopi. Lakini karibu kila mara mnapanda mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake ni kubwa na rahisi kuchomeka. Mnaupanda hata kwenye mawimbi, mahali pa mlilana, na baada ya miezi michache miche imekufa. Na pale inaposhika, mnatuachia shamba la aina moja mahali palipokuwa na msitu wa aina nyingi. Kule Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, wameonyesha kwamba mikoko inaweza kulindwa na kupandwa na wenyeji wenyewe, na mapato ya biashara ya hewa ukaa yakaleta maji na vitabu vya shule kijijini. Nendeni mkawaulize. Waulizeni pia wavuvi wazee wa Jomvu na Junda: hapa palikuwa na mti gani? Kisha pandeni huo. Mkiwa na kitalu, kiwe na mlilana, muia, mkandaa na mkomafi pamoja na mkoko. Na nyinyi mnaotoa fedha za kupanda, msiulize ni miche mingapi imepandwa, ulizeni ni aina ngapi, na rudini baada ya miaka mitatu mkahesabu iliyo hai.